Kisa cha Iman: kwa nini sinema ilimpa maneno machache hivi?

Ukimtaja Iman, yule modo wa Kisomali, watu wanakumbuka vitu viwili, marehemu mume wake mwanamuziki David Bowie na vipodozi vyake, na wenye umri mkubwa kidogo wataikumbuka ile video ya Michael Jackson ya Misri ya kale. Wachache wanajua kwamba huyu mama alihangaika na sinema karibu miaka 15, kuanzia 1979 hadi 1994, akaigiza na mastaa wakubwa kabisa wa wakati ule, akaingia mpaka kwenye muvi iliyobeba Oscar 7. Sasa kinachonisumbua ni hiki: mtu anaongea lugha tano, amekulia nyumba ya balozi, amesoma siasa chuo kikuu, kamera inampenda kupita kiasi, ilikuwaje akaishia kupewa watu wa kusimama pembeni na kuangalia wenzao wakiongea? Msimamo wangu nautoa mapema msije mkasubiri mwisho. Shida haikuanzia Hollywood, ilianzia Nairobi, kwa sababu aliyempeleka Marekani alimpeleka na hadithi isiyo yake, na skripti zote zilizofuata ziliandikwa kwa ajili ya yule mtu wa kwenye hadithi.

Tuanze alikotoka maana bila hapo huelewi kitu. Amezaliwa Mogadishu tarehe 25 Julai 1955, jina la kwanza Zara, babu yake ndiye akataka aitwe Iman. Baba, Mohamed Abdulmajid, mwanadiplomasia aliyewahi kuwa balozi wa Somalia kule Saudi Arabia, mama ni daktari wa wanawake. Familia ya watu waliosoma hiyo. Mtoto akapelekwa shule ya bweni Misri, halafu Oktoba 1969 Siad Barre akachukua nchi kwa mapinduzi, maisha ya watu wa aina ile yakageuka kabisa na baadaye familia ikakimbilia Kenya ikiwa imeacha karibu kila kitu nyuma. Huku kwetu hiyo sehemu haihitaji kuelezwa mara mbili, tumeona familia ngapi za Kisomali zinafika zikiwa na heshima yao tu na kuanza moja. Iman akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusoma sayansi ya siasa.

Mwaka 1975 yuko zake mjini Nairobi anatembea, mpiga picha Mmarekani Peter Beard akamfuata akamuuliza kama amewahi kupigwa picha. Iman amelisimulia hili mara nyingi sana na kila mara anasema swali lenyewe lilimuudhi, kwao picha za familia zimejaa tele, unamuulizaje binti wa chuo kama amewahi kuona kamera? Jamaa aliposema yuko tayari kulipa, binti akataja dola 8,000, ndiyo hela aliyokuwa anaihitaji kwa ada. Naomba msipite hapa haraka haraka. Ni mkimbizi, umri miaka 20, anaijua hesabu ya ada yake, anamtajia dau mzungu mwenye jina na hatetemeki, na dau linakubaliwa! Huyo ndiye Iman wa kweli. Mkimuweka huyo kichwani mtaelewa kwa nini nakasirika na yanayofuata.

Beard akazipeleka picha New York, na pamoja na picha akapeleka stori. Akawaambia watu kwamba amemuokota porini huko kaskazini mwa Kenya akichunga mifugo, Kiingereza hajui hata neno. Iman alipotua New York Oktoba 1975 waandishi wamejaa wanamsubiri yule mchunga ng'ombe. Binti anayeongea Kisomali, Kiarabu, Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza! Stori ilikuja kukanushwa na Iman mwenyewe ameisema wazi kwamba ilikuwa uongo, lakini tujiulize kwa nini iliuzika kirahisi vile. Iliuzika kwa sababu ndivyo walivyotaka iwe, walitaka mrembo ambaye wao ndio wamemgundua, asiye na wazazi waliosoma, asiye na nchi yenye serikali na mapinduzi na mabalozi, na zaidi ya yote asiyeweza kujibu.

Na huyu Beard hakuitoa hewani ile picha ya Afrika. Alikuwa mpenzi mkubwa wa maandishi ya Karen Blixen, yule mama wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, alimfuata hadi kwao Denmark kabla hajafariki 1962, na akaja kununua eneo lake Kenya linalopakana na lililokuwa shamba la Blixen. Likumbukeni hili shamba, tutalirudia.

Kwenye mitindo mambo yalienda kasi sana. Akasainiwa na Wilhelmina, wakala wa mamodo, mwanzoni mwa 1976 yuko tayari kwenye kurasa za jarida la Vogue. Siku ya shuti yake ya kwanza ya Vogue mtu wa mekapu akamuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Hakuelewa hata swali lina maana gani, modo wa Kizungu aliyekuwa pembeni hakuulizwa. Kumbe jamaa hakuwa na rangi ya ngozi yake, akampaka alichokuwa nacho, na Iman alipojitazama kwenye kioo uso umekuwa wa kijivu. Baada ya hapo akawa anazunguka madukani, ananunua faundesheni tofauti tofauti, anazichanganya mwenyewe mpaka apate yake, anapiga picha kuhakikisha, anazibeba kila anakoenda kazini. Alipogundua pia kwamba mamodo weusi wanalipwa pungufu ya wenzao kwa kazi ile ile akagoma kufanya kazi mpaka walipe sawa. Mbunifu Yves Saint Laurent akampenda hadi akamjengea kolekisheni kuzunguka uzuri wa Kiafrika. Kuna jambo jingine huwa linasahaulika, magazeti yalijaribu kumgombanisha na Beverly Johnson, mwanamke mweusi wa kwanza kukaa kwenye kava ya Vogue ya Marekani, Agosti 1974, kama vile kiti cha mweusi kiko kimoja na mmoja lazima ainuke. Baadaye wakawa marafiki.

Sasa sinema. Muvi yake ya kwanza ilitoka 1979, inaitwa The Human Factor, dairekta Otto Preminger, stori ya kijasusi kutoka kwa riwaya ya Graham Greene. Iman ni Sarah, mwanamke wa Afrika Kusini aliyeolewa na afisa wa ujasusi wa Uingereza, na mapenzi yao ndiyo yanayosukuma kisa chote. Kwa hiyo hii haikuwa nafasi ndogo, ilikuwa nafasi kubwa kuliko zote alizokuja kupata, na ndiyo kitu cha kusikitisha, kwamba kilele kilikuwa mwanzoni kabisa wakati hajui lolote kuhusu kuigiza. Uzalishaji wenyewe ulikuwa vurugu tupu, hela ziliisha katikati, Preminger akaingia mfukoni kwake na kuuza mali zake kuimalizia, na ikawa muvi yake ya mwisho. Ikafeli. Na Iman hakusifiwa, tuseme ukweli, ukiitazama anaonekana amekaza, anasema mistari yake kama mtu anayeogopa kuikosea.

Hapo ndipo wengi wanafunga faili. Wanasema basi, hakuwa na kipaji, mamodo wengi hawawezi kuigiza, yaishe. Mimi sikubali, na sababu yangu ina jina: Jessica Lange. Huyu naye alikuwa modo, tena Wilhelmina hapo hapo, tena miaka hiyo hiyo. Muvi yake ya kwanza ni King Kong ya 1976, alishikwa mkononi na sokwe mkubwa, wakosoaji wengi wakamcheka wakasema ndio mamodo hao. Akakaa muda bila muvi. Lakini 1979, mwaka ule ule wa Iman, Bob Fosse akampa nafasi kwenye All That Jazz, 1981 akapata kubwa zaidi na Jack Nicholson, na 1983 akapanda jukwaani kuchukua Oscar. Kujifunza kuigiza kunataka nafasi ya pili na ya tatu, na skripti ambazo ndani yake kuna mtu wa kumuigiza. Lange alizipata. Iman aliyeanza kwa kuteleza sawa sawa na mwenzake alipata nini? Nafasi ndogo kwenye Exposed mwaka 1983, muvi ya mambo ya mitindo. Miaka minne baadaye! Sisemi angekuwa Lange, hilo hakuna anayelijua, nasema mmoja alifundishwa kazi akiwa kazini na mwenzake akaambiwa tumeshakuona.

Mwaka huo wa 1983 pia alipata ajali mbaya, teksi aliyopanda New York iligongana na gari lingine, akavunjika mifupa ya mashavu, mtulinga na mbavu. Modo mifupa ya mashavu ndiyo ofisi yake jamani. Ilibidi uso utengenezwe upya kwa upasuaji. Alirudi kazini, lakini ukiangalia kuanzia hapo ndipo sinema na tamthilia za televisheni zinaanza kuongezeka kwenye maisha yake, na hata kama hakutamka, mtu aliyeona kwa macho yake jinsi uso unavyoweza kuondoka usiku mmoja lazima atafute kazi nyingine.

Tufike 1985, Out of Africa, ndiyo ile ya Oscar 7. Sydney Pollack ndiye dairekta, Meryl Streep na Robert Redford ndio wakubwa, wakaja kuipiga Kenya, na mnakumbuka lile shamba? Ndiyo lenyewe, hadithi ya Karen Blixen. Yaani yule Beard aliyempenda Blixen mpaka akahamia jirani na shamba lake, akamkuta binti wa Kisomali Nairobi akamvisha hadithi ya porini, na miaka 10 baadaye binti huyo huyo anarudishwa Kenya na Hollywood kuvaa nguo za mwaka 1920 hivi ndani ya hadithi ya Blixen. Mzunguko umefunga. Mtu aliyekanyaga Nairobi kama mwanafunzi wa siasa, akapanga ada yake, akaondoka, amerudi kuwa pambo la Kenya ya wakoloni.

Anaigiza Mariammo, mwanamke wa Kisomali anayeishi kwa siri na Berkeley Cole, mlowezi wa Kizungu, rafiki wa Denys, yule mpenzi wa Karen anayeigizwa na Redford. Siri yenyewe nzito kiasi kwamba Berkeley anapougua ndipo rafiki yake wa karibu anajua kwamba kuna mwanamke, na kumbe wako pamoja muda mrefu. Hebu fikiria hapo ndani kuna muvi gani! Mwanamke Mwislamu wa Kisomali Nairobi ya kikoloni, anaishi na mzungu, ndugu zake wanasemaje, mtaani wanasemaje, mgonjwa akifa yeye anabaki na nini, sheria inamtambua kama nani. Sisi tunaoishi huku tunajua kila moja ya hayo maswali lina uzito wa nyumba. Muvi ina karibu masaa mawili na dakika 40 na haikupata dakika za kumuuliza hata swali moja. Anaonekana, ni mzuri ajabu, anatoka. Na mpambe mkuu wa Karen, Farah, ambaye kwenye maisha halisi alikuwa Msomali, aliigizwa na Malick Bowens, mtu wa Mali, kazi nzuri sana kafanya lakini inakuonyesha mtazamo wa wapangaji, kwamba Mwafrika ni Mwafrika tu. Msomali halisi walikuwa naye kwenye seti, ana elimu, ana lugha, ameishi mji ule ule, na walichohitaji kwake ni uso.

Ningependa nisionekane naichukia muvi yenyewe, picha zake ni nzuri na muziki wake unakaa moyoni, ila nikifika kwenye zile sehemu za Mariammo huwa nasimamisha na kurudisha nyuma nikitafuta kama kuna kitu kimenipita. Hakuna.

Mwaka 1987 akaja na No Way Out, ya Kevin Costner na Gene Hackman, humo ni Nina, rafiki wa mwanamke anayeuawa. Hii ndiyo kazi yake ninayoipenda zaidi kwa sababu anaigiza mtu wa mjini wa kawaida, mwenye nyumba yake, mwenye hofu, anayejua siri inayoweza kumuua, na kwa mara ya kwanza hakuna anayejaribu kumfanya awe Afrika nzima. Amelegea, anapumua, mistari inatoka kama maneno ya mtu. Ukilinganisha na 1979 unaona kabisa amekua, na hapa ndipo ile hoja ya kipaji inaanza kuvuja. Bado ni nafasi ya pembeni, lakini inatosha kuonyesha kwamba ukimpa binadamu wa kuigiza anamuigiza.

Hizo nyingine nazipitia. Mwaka 1989 aliachana na umodo. 1991 akatokea Star Trek VI kama Martia, kiumbe wa sayari nyingine anayebadilika maumbile, wakamuwekea macho ya njano, na inauma kusema kwamba hiyo ni mojawapo ya nafasi chache alizopewa akili, ujanja na maneno ya kutosha. Ilibidi asiwe binadamu kwanza. 1992 akawa malkia kwenye ile video ya Michael Jackson, Remember the Time, iliyoongozwa na John Singleton, Eddie Murphy akiwa farao, akakaa pale kama mtu aliyezaliwa kukalia kiti kile. Halafu 1993 kwenye filamu ya televisheni ya Heart of Darkness wakampa yule mwanamke wa Kongo, ambaye kwenye kitabu cha Conrad hana hata jina. Hapo ndio unaona mstari mzima ulivyonyooka, kutoka mchunga ng'ombe asiyejua Kiingereza wa 1975 mpaka mwanamke asiye na jina kando ya mto 1993, miaka 18 ni mtu yule yule wa kubuni wanaendelea kumuajiri, na Iman halisi anamkodishia uso. 1994 akawa na nafasi kwenye Exit to Eden na baada ya hapo sinema kwake ikawa ya mara moja moja.

Lakini angalieni miaka hiyo hiyo alikuwa anafanya nini pale ambapo hakuna wa kumwandikia maneno. Siad Barre aliangushwa Januari 1991, nchi ikavunjika, njaa ikaingia. 1992, mwaka ule ule alioolewa na Bowie, akarudi Somalia na timu ya BBC kutengeneza dokumentari kuhusu njaa na vita, akitembea kati ya watu wake, akiongea nao Kisomali, akiwaeleza watazamaji wa Uingereza kwa mdomo wake mwenyewe. Hiyo kwangu ndiyo kazi yake kubwa zaidi mbele ya kamera, na haihesabiwi kwenye orodha ya muvi zake.

Na 1994, ule mwaka ambao sinema zinafifia, ndio akazindua Iman Cosmetics. Hii watu huisimulia kama stori nyingine, staa kaamua kufanya biashara. Mimi naona ni kesi ile ile imeendelea. Zile chupa alizokuwa anachanganya mwenyewe tangu 1976 ndizo zilizokuwa utafiti wake. Akalenga wanawake wa ngozi zote zenye rangi, Waafrika, Wahindi, Walatino, Waasia, na bei akaiweka ya mtu wa kawaida anayeingia dukani, wakati makampuni makubwa yalikuwa na rangi moja mbili za weusi zimetupwa chini kwenye shelfu. Ile Fenty, vipodozi vya Rihanna, iliyotikisa dunia kwa rangi 40 ilikuja 2017, miaka 23 baadaye. Mwaka 2013 akaungana na mamodo wenzake Bethann Hardison na Naomi Campbell wakaandikia waandaaji wa maonesho makubwa ya mitindo barua za wazi wakiwataja kwa majina wabunifu wanaopandisha modo mweusi mmoja tu au hawana kabisa. Umri unakaribia 60 na bado ni yule binti anayetaja dau.

Kwa hiyo nikiulizwa Iman alifeli sinema au sinema ilimfeli, jibu langu ni kwamba 1979 alifeli yeye, kama anavyofeli yeyote anayeanza, na kuanzia hapo hadi 1994 walifeli wao. Ushahidi mwingine umekuja majuzi tu. Mwaka 2021 ilitoka The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed, Msomali wa Finland, muvi nzima kwa Kisomali, imepigwa Djibouti, inahusu mchimba makaburi anayehangaika kutafuta hela ya upasuaji wa figo ya mkewe. Mke huyo, Nasra, ameigizwa na Yasmin Warsame, modo mkubwa aliyezaliwa Mogadishu na kukulia Kanada, naye sura yake imezunguka majarida ya dunia kama ya Iman. Lakini huyu kapewa ndoa, mtoto, ugonjwa, utani na mumewe, wivu kidogo, hofu ya kufa, na vyote anavisema kwa lugha ya mama yake. Ikaenda tamasha la Cannes, ikabeba tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, na ikawa filamu ya kwanza Somalia kuipeleka kugombea Oscar. Kama hujaiona itafute, halafu ukimaliza rudia zile dakika za Mariammo na utaona kabisa kilichokuwa kinakosekana 1985 ni mtu wa kumwandikia.